Kioo cha Chumba cha Sita

Mama wa marehemu alipiga ukelele mahali ambapo hakuna aliyemtarajia apige.

Walikuwa wanne tu katika kile chumba cha maonyesho chenye viti vyekundu vilivyochakaa: yeye, Inspekta, mwongozaji wa filamu, na kijana mwembamba aliyeigiza muuaji. Mwongozaji alikuwa ameshajiandaa kwa machozi. Alimwekea mama chupa ya maji na karatasi laini, na kila picha ya kutisha ilipokaribia alimtupia jicho la wasiwasi, maana bila baraka za familia filamu ile isingetia mguu sinema yoyote. Lakini mama alijikaza. Akauvumilia utoto wa muuaji na mikanda ya baba yake. Akavumilia kumwona mwanawe, yaani yule msichana aliyeigiza kuwa mwanawe, akiburutwa sakafuni kwa nywele. Alikaa kimya, pochi magotini, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Kisha kamera ikageuka nyuma. Ikaonyesha mlango, swichi ya taa, na kando ya swichi kioo kidogo cha duara.

"Kioo changu!" mama akapiga ukelele. "Jamani, kile kioo changu! Simamisheni!"

Filamu ikasimamishwa, taa zikawashwa. Mwongozaji akakimbilia maji. Inspekta alikuwa ameshachuchumaa mbele ya mama na kumshika mikono, na mikono ile ilikuwa ya baridi ajabu.

"Pole, mama. Ni kioo cha kuigizia tu. Wamekinunua."

"Mwanangu, usinifanye mtoto. Tazama pale pembeni. Kuna maua ya bati kuzunguka kioo, sivyo? Ua moja halipo, na mahali pake kuna kifungo chekundu cha koti. Kifungo hicho nilikibandika mimi kwa gundi, kwa mikono yangu hii."

Inspekta akageuka kutazama pazia jeupe, ambako picha ilikuwa imeganda. Maua ya bati yalikuwepo. Kifungo chekundu kilikuwepo.

Kesi ile aliijua kama kiganja chake. Yule ambaye watu walimwita Fundi Cherehani alikuwa akipita mtaa hadi mtaa akitengeneza cherehani za watu, na katika nyumba alizokaribishwa alichagua wanawake wanaoishi peke yao. Aliua watano. Kila mmoja alimfunga uzi mweusi kwenye kidole cha pete. Alipokamatwa alikiri wote watano kabla hata hajapewa kiti. Wa sita, binti wa mama huyu, alimkataa katakata, na mpaka leo gerezani anamkataa. Mahakama haikumsadiki, na kwa sababu nzuri: habari ya uzi ilikuwa haijatoka nje siku binti alipouawa, lakini kidoleni mwake uzi ulikutwa.

Filamu nzima ilisimama juu ya ukaidi huo. Mwongozaji aliamini kwamba binti wa sita alifanana na dada aliyemlea Fundi, kwa hiyo Fundi anaona aibu kumkiri. Aliuita ufunguo wa roho ya muuaji, na kila alipoutaja alifumba macho kidogo.

"Mama," Inspekta akasema taratibu, "kioo hicho ulimpa lini?"

"Siku ile ile aliyokufa. Asubuhi nilimpelekea, yeye mwenyewe akapigilia msumari, akakitundika karibu na mlango. Akanitania kwamba sasa hatatoka na poda puani kama mama yake." Mama akacheka kicheko kifupi kilichokatika katikati. "Nikaondoka. Kesho yake ndiyo nikaitwa."

"Baada ya hapo kikaenda wapi?"

"Mniulize mimi tena? Chumbani sikuingizwa. Vitu vyake nililetewa katika maboksi, kioo hakimo. Nilidhani mmekichukua nyinyi polisi, labda kwa ushahidi. Nikasema nisiwasumbue."

Polisi hawakuwahi kuchukua kioo chochote. Inspekta aliingia chumba kile akiwa askari mpya ambaye sare yake bado ilikuwa na mikunjo ya dukani, na kioo hakukiona. Hakusema hivyo. Alimwomba mama anywe maji, akamvuta mwigizaji ukumbini.

Kusema kweli, alitoka na tumaini. Kijana huyu alikuwa amekwenda gerezani mara nyingi kumsoma Fundi, namna anavyokaa na namna anavyosugua vidole. Kama Fundi alimwelezea kioo, basi amejifunga mwenyewe kwa ulimi wake, na wasiwasi wa miaka yote umekwisha.

"Alikusimulia chumba cha sita?"

"Hata kidogo, Afande. Vile vitano aliniambia mpaka rangi ya mapazia, nikawa natoka pale nataka kutapika. Nikimtajia cha sita ananitolea macho tu."

"Hata kwa kuteleza? Mlango, swichi, kioo?"

Mwigizaji akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Kuna siku aliniuliza yeye. Alisema, 'Wewe unayejua mambo, hicho chumba chenyewe kikoje? Maana nimefungwa kwa ajili yake na sijawahi kukiona.' Nikamweleza mwongozaji. Akafurahi sana, akasema hiyo ndiyo aibu yenyewe, nicheze hivyo hivyo, niangalie pembeni."

"Na wewe ulionaje?"

"Mimi nalipwa kucheza, Afande." Akajikuna shingo. "Lakini nimeshaigiza waongo wengi. Yule hakuwa anaangalia pembeni."

Tumaini la Inspekta likaenda na maji. Alimrudia mwongozaji na kumuuliza nani aliamua kioo kiwe pale. Mwongozaji, ambaye uso ulikuwa umeshaanza kupoteza rangi, akasema mambo ya ukutani ni ya mjenzi wa seti, amuulize huko karakana.

Mjenzi wa seti aliitwa Misumari na kila mtu, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuibana midomoni akiongea. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye vumbi la mbao hadi kwenye kope. Seti ya chumba cha sita ilikuwa bado imesimama ndani ya ghala: kitanda, kabati, zulia dogo, kuta nne za plaiwudi zilizopakwa rangi ya maziwa na kushikiliwa kwa nyuma na mihimili. Inspekta akapenya mlangoni. Walikuwa wamekipatia chumba kile kupita kiasi.

"Tulijenga kutokana na picha zenu za polisi," Misumari akasema kwa fahari, na kumwonyesha ubao alikozibandika. "Tazama. Chumba cha kwanza, kuta nne. Cha pili, kuta nne. Mpaka cha tano hivyo hivyo. Aliyepiga hizi picha anajua kazi. Mimi naipenda kazi yake kuliko ya wengi wanaojiita wasanii."

"Na cha sita?"

"Hapo ndipo aliponitesa. Kuta tatu tu. Wa mlangoni haupo. Sasa nyinyi mnaweza kuishi bila ukuta, maana maiti imelala upande ule. Sisi hatuwezi. Wakikaa wawili wakaongea, kamera lazima imtazame huyu, halafu igeuke imtazame yule. Ikigeuka, inakutana na nini? Plaiwudi tupu? Nikamwendea mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Si mshauri wetu! Mwalimu wako." Misumari akatoa msumari mdomoni ili atabasamu vizuri. "Nilimwambia, baba, niwekee chochote tu, hata kalenda. Akakasirika kweli. Akasema kitu kikiwekwa kwa kubahatisha ni uongo. Akanyakua chaki, akachora pale pale kwenye mbao. Swichi hapa, kioo hapa, maua yake, na kifungo. Nilihangaika kupata kifungo chekundu kama hicho, acha tu! Nikamuuliza kifungo cha nini, akasema, 'Weka. Ndicho kinachofanya chumba kiwe cha mtu.'"

Inspekta aliomba kiti.

Mwalimu ndiye mpiga picha wa polisi aliyezipiga picha zote za vyumba vile sita. Alikuwa mstaafu sasa, mzee nadhifu wa mashati yaliyopigwa pasi, na ndiye aliyemfundisha Inspekta kutazama: usiingie chumbani kwa miguu kabla hujaingia kwa macho, na kuta ni nne, zote zipigwe. Inspekta alipoolewa, baba yake akiwa ameshafariki, mzee huyu ndiye aliyemshika mkono na kumpeleka mbele ya watu. Watoto wake walimwita babu. Leo alikuwa ametuma udhuru kwamba magoti yanamsumbua, kwa hiyo hakuja kuangalia filamu pamoja na mama.

Inspekta alijaribu kumtetea, kama ambavyo mtu yeyote angemtetea mzazi wake. Labda alikiona kioo siku walipoitwa. Lakini siku hiyo hakikuwepo, na kuhusu hilo hakuhitaji shahidi mwingine. Yeye mwenyewe alisimama kwenye ukuta ule. Msumari mtupu uliokuwa kando ya swichi ulimchana sare begani, akaona haya kumwambia mtu.

Ndipo akakumbuka lililobaki.

Hakwenda kusimama pale kwa hiari yake. Alisimamishwa. Alikuwa anatetemeka mbele ya maiti ya kwanza maishani mwake, na mpiga picha akamshika mabega kwa upole na kumrudisha nyuma mpaka akagusa ukuta. "Simama hapa hapa, binti. Usisogee. Vuta pumzi. Huu nitaupiga baadaye, ukishatulia." Kwa huruma ile ndiyo alimpenda. Na kwa mwili wake ndiyo msumari ukazibwa, wakubwa walipoingia na kutoka.

"Afande, nikuletee maji?" Misumari aliuliza. "Umebadilika."

"Ule uzi," Inspekta akasema, kana kwamba hakusikia. "Nani alijua habari za uzi?"

"Unaniuliza mimi?"

Hakuwa akimuuliza. Miaka yote walisema alijua Fundi na tulijua sisi polisi, wakaishia kwa Fundi. Hakuna hata mmoja aliyekaa chini kuhesabu sisi ni akina nani. Faili ilikuwa ya Inspekta sasa, na yeye naye hakuhesabu. Alitaka kulia, akaona Misumari anamtazama, akapiga moyo konde.

Alimpigia simu Mwalimu. Sauti yake ilitoka sawa kabisa, jambo lililomtisha kuliko yote.

"Mwalimu, shikamoo. Kuna kasoro kwenye seti ya chumba cha sita, upande wa mlango. Mwongozaji anataka kurudia picha. Nani mwingine anaweza kurekebisha?"

"Marahaba, binti. Niliwaambia wasiuguse ule ukuta! Tuma gari. Magoti yatanyamaza yenyewe."

Aliwaweka askari wawili nyuma ya plaiwudi, upande wa mihimili, mahali ambapo neno linasikika kama limesemwa sikioni. Mama, aliyekuwa amemfuata Inspekta mpaka ghalani, aliamriwa abaki garini. Alikataa, bila kelele. Alisema tu kwamba ameshabaki nje ya chumba hiki mara moja. Inspekta alijua kwamba utaratibu hauruhusu. Alimtazama usoni na hakuwa na nguvu ya kumrudisha. Mama akaenda kusimama na askari.

Mwalimu aliingia na fimbo yake, akasimama mlangoni, na kama kawaida yake akatangulia kuingia kwa macho.

"Kioo," akasema papo hapo. "Nani amekipandisha? Kiko juu."

"Kiko juu?"

"Juu sana. Msichana mwenyewe alikuwa mfupi, kilimfika hapa." Akaegemeza fimbo kwenye kitanda, akakiinua kioo taratibu na kukishusha ukutani kiasi cha upana wa kiganja. Akakishikilia pale kwa urefu wa mikono, akafinya jicho moja. "Hapo. Na kilipinda kidogo kulia. Alipigilia msumari vibaya, hakuwa na nyundo."

Inspekta alikuwa amejiandaa kwa ubishi na kwa uongo wa kila aina, akaombea ndani kwa ndani aelezwe jambo la kijinga ambalo yeye hakulifikiria. Badala yake alipewa kweli, bure, na mtu aliyekuwa akipanga pambo.

"Alitumia nini?"

"Kisigino cha..." Mzee akainua macho.

Kioo kilikuwa bado mikononi mwake. Ndani yake aliweza kumwona Inspekta aliyesimama nyuma.

"Kisigino cha kiatu," Inspekta akamalizia. "Umejuaje, Mwalimu?"

"Nilikuwa nadhania. Ni filamu hii, binti. Watu tunatia chumvi."

"Mama yake alimpa kioo asubuhi. Akakitundika mbele ya mama yake tu. Sisi tulipoingia kesho yake hakikuwepo. Mimi nilisimama kwenye ukuta huu na msumari ulikuwa mtupu, ulinichana hapa." Akajigusa bega. "Wewe ndiye uliyenisimamisha."

"Ulikuwa unatetemeka. Nilikuhurumia."

"Ulinihurumia?"

Mzee alikiweka kioo juu ya kitanda, uso chini, akakipangusa kwa nyuma japo hakikuwa na vumbi.

"Katika maelezo yako uliandika kwamba humjui marehemu," Inspekta akasema. "Niambie nimekosea. Niambie lolote, nitalichunguza mpaka mwisho. Wallahi nitalichunguza."

"Nilimpiga picha za kitambulisho," Mwalimu akasema. "Alikuja studio yangu mara moja. Alikuwa na uso ambao... sikuwahi kuona uso unaopokea mwanga vile. Nikamfuata kwake kumpelekea nakala kubwa, zawadi. Alinikaribisha vizuri, akanionyesha kioo alichokitundika kwa kisigino cha kiatu. Nikamwambia niliyomwambia. Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, sasa najua." Akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha kuigizia, akawa mzee ghafla. "Kioo kilianguka kikavunjika. Damu yangu ilikuwa kwenye vipande vyake. Nikavikusanya vyote. Msumari ulikataa kutoka."

"Na uzi."

"Uzi nilikuwa nao kwenye mkoba. Wa kupimia."

"Halafu ukarudi asubuhi na kamera."

"Niliitwa kazini," akasema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Inspekta aligundua kwamba machozi yanamtoka, na hakuyafuta. Alimchukia na hapo hapo alitaka kumshika mkono, maana alionekana anasikia baridi. Mtu aliyemfundisha kila alichokijua alikuwa amemtumia siku ya kwanza kabisa kama pazia, na juu ya pazia hilo yeye akajenga kazi, harusi na babu wa watoto.

"Kwa nini ulikichora?" akauliza. "Misumari alitaka kalenda tu. Ungemwambia kalenda, tungekufa wote bila kujua."

Mwalimu aliinua macho, na katika macho yale kulikuwa na mshangao wa kweli.

"Kalenda haikuwepo," akasema.

Mlango wa plaiwudi ukasukumwa. Askari walikuwa wanakuja, lakini aliyetangulia alikuwa mama. Aliingia polepole, akazungusha macho kabatini, dirishani, kwenye zulia, akaligusa shuka. Mwalimu alijaribu kusimama, mguu ukamkatalia. Askari mmoja akasogea na pingu, Inspekta akamzuia kwa kiganja.

Mama hakumpiga wala hakumtukana. Alisimama mbele yake, pochi mkononi.

"Mimi sina mengi," akasema. "Miaka yote nilimuuliza mtu asiyejua. Nilimwandikia gerezani, hakunijibu, kumbe angejibu nini? Wewe ulikuwepo. Mwanangu alisema nini mwisho?"

"Mama, usi..." Inspekta akaanza.

"Mwache aseme."

Mwalimu alitazama sakafu.

"Alisema, 'Mjomba, subiri. Mama yangu atarudi sasa hivi.'"

Mama akakaa chini, pale pale kwenye zulia, na Inspekta akakaa naye.